Pumzi Kumi Kabla ya Kufungua Kidonda

Siku mliyoniaga nilipostaafu mlinizawadia kiti cha uvivu na mkasema maneno mengi mazuri, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza lile swali. Najua mlikuwa nalo. Kwa nini mzee huyu, kila anapotaka kufungua kidonda, husimama kwanza amefumba macho kama kuku anayemeza maji? Wengine mlisema nasali. Muuguzi mmoja, naye nimeshamsamehe, aliwaambia wanafunzi kwamba nasinzia. Nilikuwa nahesabu pumzi. Nahesabu kumi, najitakia mema, namtakia mema mgonjwa aliye mbele yangu, ndipo nashika koleo. Sikuzaliwa na tabia hiyo wala sikufundishwa darasani. Niliipata Mbeya miaka ya hamsini, na aliyeumia ili niipate si mimi. Sasa nina muda, na nina kiti, basi naandika.

Nilianza kazi hospitali moja ya mjini Mbeya ambayo sitaitaja. Nilitoka kwetu Tukuyu nikiwa na viatu vya kuazima na Kiswahili cha shule, nikaajiriwa dresa, yaani mtu wa kuosha na kufunga vidonda. Mkuu wa chumba cha vidonda alikuwa Bwana Kihwele, Mhehe wa Iringa, mfupi, mwenye masharubu yaliyonyolewa kwa rula. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu.

"Asajile, umekuja kufanya nini hapa?"

"Kusaidia wagonjwa, Bwana."

"Kasaidie sufuria kwanza."

Nikachemsha vyombo wiki mbili bila kumgusa mgonjwa hata mmoja. Nilichemsha makoleo, mikasi na sindano za kioo. Bandeji zilizotumika nazo hazikutupwa. Tulizifua, tukazichemsha, tukazianika uani, kisha tukazikunja juu ya paja mpaka zikakaza. Ninyi wa siku hizi mnachana pakiti. Siwaonei wivu, ila mapaja yenu hayajui bandeji nzuri inavyotakiwa kukaa. Bwana Kihwele alipita nyuma yangu akiifungua kila niliyoikunja vibaya, akaniachia niianze upya. Siku ya kumi na tano alichukua moja, akaibonyeza, akaiweka kabatini. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na mimi siku ile nilitembea kama niliyepewa ng'ombe.

Kuna mambo mawili ya chumba kile lazima niyaeleze, maana kosa langu lilitoka humo.

La kwanza ni chupa. Tulioshea vidonda vichafu kwa karboliki, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na maji mengi. Ile isiyochanganywa ina harufu kali zaidi na inaunguza nyama. Chupa zilikuwa chache na zote zilifanana, na karatasi za majina zilibanduka kwa unyevu, kwa hiyo Bwana Kihwele alifunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa ya ile kali. Aliyeona uzi alijua. Na kwa kuwa Mbeya mwezi wa Juni baridi inauma hadi kwenye meno, tulizoea kuiweka chupa ya kuoshea kwenye karai la maji ya moto ili mgonjwa asimwagiwe dawa ya barafu. Ulikuwa utaratibu wa huruma, na nilikuwa nikijivunia sana karai langu.

La pili ni imani ya watu wa wakati ule. Dawa isiyowasha si dawa. Mgonjwa alikuja kutoka milimani kwa siku mbili, ukimwosha taratibu aliondoka akinung'unika kwamba amepakwa maji. "Nitie ile kali, Bwana dresa," walisema. Nasi tulilichukua neno hilo tukalifanya fimbo. Aliyelia tulimwambia avumilie, dawa kali ndiyo inayoponya. Lilitupunguzia kazi ya kufikiri.

Mwaka wangu wa pili aliletwa mama mmoja kijana kutoka Igawa, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Jembe lilikuwa limemkata mguu na kidonda kimeoza. Tulikwisha kumwosha siku nne na kilianza kupendeza. Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa na mafua mazito, pua zimeziba kabisa. Kwa haraka niliweka chupa zote mbili kwenye karai. Maji yakalegeza uzi, ukachomoka shingoni, nikaukuta unaelea. Nikatazama chupa mbili zinazofanana. Ningeweza kumwita Bwana Kihwele. Ningeweza kumpa mtu mwenye pua nzima anuse. Nikakisia.

Nilipomimina alishtuka, akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Hakutoa sauti. Nikamwambia, "Vumilia, mama. Dawa kali ndiyo inayoponya." Akatikisa kichwa kukubali. Nikamimina tena. Nilipoona ngozi inageuka nyeupe ndipo nilipoelewa, nikachukua maji, nikachelewa.

Vidole viwili vya mguu vilikatwa. Daktari mkuu, Mzungu asiyependa maneno marefu, alikuja chumbani akauliza nani aliyetayarisha chupa. Nilikuwa nimesimama na koleo mkononi. Bwana Kihwele alinitazama kidogo tu, halafu akasema, "Chumba ni changu." Daktari akauliza mara ya pili. "Chumba ni changu," akajibu vilevile. Mimi nikatazama koleo. Mwezi haukuisha kabla hajashushwa cheo na kurudishwa Iringa. Alifunga mizigo yake, akanipa mkono kama alivyowapa wote, akaondoka. Sikusema kitu. Nimeiandika sentensi hii mara tatu nikitafuta namna ya kuilainisha, nimeshindwa.

Mtu mwenye kosa moyoni, ninyi mngetarajia awe mpole. Mimi nikawa mkali. Mgonjwa akilia nilihisi ananishitaki, nikamfokea. "Nyamaza! Kwani wewe wa kwanza kuumwa?" Mikono ilinitetemeka, na ili isionekane inatetemeka nikawa navuta bandeji kwa nguvu. Mzee mmoja wa Kisafwa, aliyekuwa na donda la miaka, alinivumilia wiki nzima. Siku moja akaniwekea kiganja chake juu ya mkono wangu.

"Mwanangu, mkono huu una hasira. Mimi nimekukosea nini?"

Nilikwenda nyuma ya jengo, nikakaa juu ya kuni. Nilikuwa nimeamua kuacha kazi, nirudi kwetu nikalime kahawa.

Kilichonizuia ni donda jingine. Mjini palikuwa na duka la Kanti, Mhindi wa Kibaniani, na mama yake mzazi alikuwa na kidonda cha mguu kisichofunga. Hakuweza kutembea hadi hospitali, hivyo nikapewa kazi ya kumfuata nyumbani mara tatu kwa wiki, kwenye chumba cha nyuma ya duka. Kila mtu alimwita Mama Kanti. Nilimkuta amekaa juu ya kimkeka cha sufu, mguu mbovu umenyooshwa maana haukukunjika, macho amefumba. Mbele yake palikuwa na vichupa viwili vya kioo vilivyoungana shingoni, mchanga ukichuruzika kutoka cha juu kwenda cha chini. Nikakohoa. Hakufungua macho. Nikakohoa kwa niaba ya serikali. Mchanga ulipokwisha wote ndipo aliponiangalia.

"Sasa karibu, baba. Osha mguu."

Ikawa hivyo kila nilipofika. Nilipeleka malalamiko kwa mwanawe, naye akanijibu kwamba yeye ameshindwa miaka thelathini, nisimpe kazi mpya. Basi nikawa nakaa kwenye gunia la sukari nikingoja, nikitazama mchanga. Siku moja baada ya kumfunga bandeji, akaukamata mkono wangu kabla sijaurudisha, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani.

"Kwa nini mkono yako natetemeka? Wewe kijana."

"Baridi, Mama."

"Siyo baridi. Kesho kutwa kuja mapema. Kaa na mimi."

Niliogopa. Nimelelewa na mama Mmoravian aliyejua nyimbo zote za kitabu, na nilidhani nikikaa pale nitaamka nina miungu mingine. Nikamwambia wazi. Mama Kanti akacheka mpaka mguu ukamuuma.

"Mimi nasema kaa, sisemi badili dini. Mungu yako pia napenda mtu nakaa kimya kidogo."

Hilo lilikuwa gumu kulipinga. Nikakaa. Alichonifundisha kilikuwa kidogo sana, na ninawaandikia chote. Kaa wima lakini usikaze. Sikia pumzi inavyoingia puani na inavyotoka, usiisukume, usiizuie, hesabu hadi kumi. Akili itakimbia. Mara ya kwanza yangu ilikimbilia ndizi za kwetu kabla sijafika pumzi ya nne. Ikikimbia, irudishe. "Rudisha polepole," alisema, "kama mtoto natambaa kwenda jikoni. Unabeba tu. Hapana piga."

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Akaniongezea. Pumzi ikishatulia, jitakie mema mwenyewe kimoyomoyo, useme niwe salama, nipoe, nipate amani. Kisha umtakie hayohayo unayempenda, kisha mtu usiyemjua, kisha mtu mliyekosana. Nikafumba macho. Nikaanza na mama yangu, nikaenda vizuri kabisa.

"Naruka wewe," akasema.

"Umejuaje, Mama?"

"Uso yako nakunja. Anza na wewe."

Sikuweza. Kila niliposema nipoe, niliona ngozi ile ikigeuka nyeupe. Nilikaa kwenye gunia lile miezi mingi nikiwatakia amani watu wa nchi nzima, nisiweze kujipa mimi hata kidogo. Nikamwambia kwamba mtu kama mimi hastahili. Hakuuliza nimefanya nini. Akasema tu, "Kidonda chafu unaacha hapana osha, kwa sababu nachafu?" Nilikuwa dresa, nikafumba macho tena. Siku nilipoweza kulisema neno lile hadi mwisho halikutokea jambo kubwa, nisiwadanganye. Mabega yalishuka. Nilitembea kurudi hospitalini, nikamfungua mtoto mwenye jipu, akalia, nami sikumfokea. Nilimngoja amalize, tukaendelea. Mikono yangu ilikuwa imetulia, na nilifurahi peke yangu kama mjinga.

Nikakaa hivyo hadi mwaka wa tatu tangu Bwana Kihwele aondoke. Nilikuwa nimeanza hata kujiona mtu mwema, na hapo ndipo pa hatari. Watu wa dini ya Mama Kanti wana siku moja kwa mwaka, baada ya kufunga, ambayo kila mmoja huwaendea wenzake kuomba radhi. Sikuijua desturi hiyo. Nikaona tu, adhuhuri, Mama Kanti anapanda ngazi za hospitali kwa fimbo, kidonda cha mguu ndio kwanza kimefunga. Alimwendea mfagizi, akakunja mikono. Akawaendea wapishi. Akafika kwangu, akakunja mikono vilevile.

"Asajile, kama mimi nakuumiza mwaka huu, najua au hapana najua, unisamehe."

Mwanamke mzee, ambaye hajanifanyia lolote isipokuwa wema, amepanda ngazi kwa mguu mgonjwa kuniomba msamaha. Nami nilikuwa na mtu Iringa. Nikamsimulia yote palepale mlangoni, karai, uzi, koleo, na neno nililolificha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana niambie mimi," akasema. "Panda basi."

Nikaomba likizo. Basi liliondoka alfajiri, likapita Uyole kwenye ukungu, likashuka bondeni kwenye joto na vumbi. Igawa tulisimama abiria wakanunua mchele, na mimi sikuteremka. Nilifika Iringa kesho yake, nikaulizia Kihesa, nikaonyeshwa nyumba ya udongo yenye shamba la mahindi pembeni. Bwana Kihwele alikuwa anatifua ardhi baada ya mavuno. Masharubu yamekuwa meupe.

"Kamwene, Bwana," nikamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene." Akanitazama miguuni. "Viatu vyako sasa?"

"Vyangu, Bwana. Nimekuja kusema jambo."

"Kuna jembe pale. Sema ukilima."

Nikalima mstari mzima nikisema. Nilimwambia kwamba aliyetia zile chupa kwenye karai ni mimi, kwamba nilikisia, kwamba nilinyamaza akachukuliwa yeye, na kwamba naomba anisamehe. Alikuwa mbele yangu, hakugeuka. Mwisho wa mstari akasimama.

"Nilikusubiri mwaka wa kwanza," akasema. "Kila basi. Mwaka wa pili nikakutukana. Mke wangu alichoka na jina lako. Leo ndiyo unakuja, mahindi yenyewe yameshavunwa."

"Unanisamehe, Bwana?"

"Ningekuwa sikusamehi ningekupa jembe zuri? Hilo ndilo langu." Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akakawia kuutoa usoni. "Uzi ulikuwa akili yangu mimi. Uzi kwenye chupa! Mtu mzima, masharubu, nafunga uzi kama mganga. Ningeweka kabati mbili, basi, kwisha. Usifikiri uliubeba peke yako."

Tulikaa chini pale shambani, tukala viazi. Nilijihisi mwepesi hata nikataka kuimba. Nikamweleza habari za Mama Kanti, na kwamba nimekuwa nikimtakia yeye amani kila siku tangu mama huyo anifundishe. Alitafuna polepole.

"Na yule mama?"

"Mama Kanti? Hajambo."

"Mwenye mguu, Asajile."

Nikakiweka kiazi chini. Jamani, nilikuwa nimewatakia mema waliolala hospitalini, na wapita njia, na Bwana Kihwele asubuhi na jioni. Yule aliyepoteza vidole sikumtakia hata siku moja. Hata jina lake sikulijua. Nilikuwa nimemgeuza kuwa ngozi nyeupe, kitu cha kunitesa mimi.

"Anaitwa Zainabu," Bwana Kihwele akasema. "Igawa, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Mimi nilipohamishwa nilipita kwake. Niliuliza anaendeleaje tu. Ya chupa sikumwambia. Nenda umwambie wewe."

Wakati wa kurudi nikateremka Igawa saa sita mchana. Dereva alisema wangekaa kidogo kupakia, nikamwomba aniwekee kiti changu. Nyuma ya mashine nilimkuta mwanamke ameanika mpunga juu ya jamvi, akiugeuza kwa mguu mmoja huku akijitegemeza kwa ule mbovu. Nikajitambulisha kwamba mimi ni dresa wa Mbeya. Uso wake ukafunguka.

"Ee, ni wewe! Wewe ndiyo ulinitia ile kali!" Akamwita jirani kwa sauti. "Mama Tatu, njoo uone huyu ndiyo aliniponya!"

Sijawahi kutamani kukimbia kama siku ile. Ningeweza kupokea shukrani, nikanywa maji, nikapanda basi langu. Nikamwomba akae. Nikamwambia kwamba ile haikuwa dawa ya kumwosha, ilikuwa ya chupa nyingine, isiyochanganywa na maji, kwamba nilikisia, na kwamba vidole vyake viliungua kwa mkono wangu.

Akachota punje za mpunga, akazichezea kiganjani.

"Kumbe kuuma kule haikuwa dawa inafanya kazi?"

"Hapana. Ilikuwa inakuunguza."

"Na uliniambia nivumilie."

"Nilikwambia."

"Nikavumilia." Akatazama mguu wake. "Mwanangu alichomwa sindano juzi akapiga kelele. Nikampiga. Nikamwambia mimi mama yako nilimwagiwa moto, sikutoa hata sauti." Akazimwaga zile punje. "Kumbe nilikuwa na haki ya kulia."

Na akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama mtu aliyeumia sasa hivi. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu ya kuomba radhi tangu Iringa, yote yakanipotea. Neno moja tu lilinijia mdomoni, lile la kila siku, la kumwambia avumilie. Nikalimeza. Nikakaa kwenye vumbi karibu na jamvi, nikawa nasikia pumzi yangu ikiingia na kutoka, na sauti yake, sikutafuta pengine pa kutazama.

Jirani akatokea mbio, ananiangalia kwa ukali.

"Zainabu, huyu amekufanya nini?"

"Mwache, shoga," akasema akilia. "Nalia mguu wangu."

Barabarani basi likapiga honi, likapiga tena, kisha nikalisikia linaondoka. Mama Tatu akakaa upande wa pili, nasi tukabaki hapo watatu mpaka Zainabu alipomaliza kulia.